Kupitisha mpira wa hewa mgonjwa akiwa macho: kifaa kipi, na ganzi kiasi gani?

Hapa Kisumu, wagonjwa ambao njia yao ya hewa ni ngumu hutufikia wamechelewa: uvimbe wa taya uliokua kwa miaka, makovu ya moto yaliyovuta kidevu hadi kifuani, au usaha wa jino uliosambaa chini ya ulimi. Ukimlaza usingizi mgonjwa wa namna hii kabla ya kumpitishia kooni mpira wa kupumulia, misuli hulegea, koo hujifunga, na huenda hata barakoa isipitishe hewa.

Wenzangu hubishana kuhusu kifaa, nami hutazama mdomo kwanza. Ukifunguka vizuri, huchagua videolaringoskopu, kifaa chenye kamera cha kutazama koo kupitia mdomoni, kwa kuwa ni ya haraka, wote chumbani huiona picha, na mkono wangu umeizoea. Bronkoskopu inayopinda, yaani mrija mwembamba wenye kamera, huitwaa pale mdomo unapokataa kufunguka, kwani hupita puani. Ila damu na mate huiziba lenzi, na mpira hupenda kukwama kwenye mlango wa koromeo, ambapo kuurudisha nyuma kidogo na kuuzungusha robo duara kinyume cha saa husaidia. Pale uvimbe unapolibana koromeo lenyewe na mgonjwa anakoroma akiwa ameketi, naona afadhali daktari wa masikio, pua na koo atoboe njia ya hewa shingoni, mgonjwa akiwa amepigwa ganzi tu, tangu mwanzo.

Hata hivyo, nionavyo mimi, kazi nyingi huharibikia kwenye ganzi. Kausha mate mapema kwa glaikopirolati, kwa sababu lidokeini, dawa yetu ya ganzi, haishiki penye maji. Kipimo cha lidokeini kisizidi miligramu 9 kwa kila kilo ya uzito usiohesabu mafuta. Kwa kilo 60 hiyo ni miligramu 540. Mililita moja ya lidokeini ya asilimia 4 ina miligramu 40, na mnyunyizo mmoja wa chupa ya asilimia 10 kwa kawaida hutoa miligramu 10, kwa hiyo jumlisha yote, pamoja na ile uliyodunga shingoni, badala ya kuhesabu ya sindano pekee. Mgonjwa akisema masikio yanalia au midomo inawasha, acha kuongeza ganzi, kwani huenda imezidi, na emalshani ya mafuta ya asilimia 20, ambayo ni tiba ya sumu ya lidokeini, iwe karibu.

Ganzi ijaribiwe kwa mrija laini wa kufyonza mate: akitapikatapika, bado. Dawa ya kutuliza iwe kidogo tu, na oksijeni ya puani isikatizwe. Zaidi ya dawa hiyo, maneno husaidia: “Mama, utahisi kama mate hayamezeki, lakini pumzi iko, ukitaka tusimame, inua mkono.”

Mpira ukiingia, uone kwa macho ndani ya koromeo na usubiri kapnografu, mashine inayopima pumzi anayoitoa, ionyeshe kaboni dioksidi, ndipo umpe dawa ya usingizi. Baadaye wauguzi wawaambie jamaa waliokuja na uji kwamba asinywe chochote hadi saa mbili zipite tangu ganzi ilipowekwa.