Kampuni mama ikikuongezea limiti, hesabu siku kwanza

Siku ile barua ilipoingia kutoka Mangaluru, India, nilimtuma kijana feri akalete pweza wa kutosha ofisi nzima. Bodi ya kampuni mama ilikuwa imepitisha kutudhamini benki hadi dola milioni 5, kutoka milioni 2 tulizokuwa nazo. Ilikuwa Agosti 2024, mikorosho iko kwenye maua, na mimi, mhasibu wa kampuni tanzu inayonunua korosho, yenye watu 11 na ghala moja la kukodi hapa Mtwara mjini, nilijiona nami nimefika. Msimu ulipokwisha, katika ile milioni 5 hatukuwahi kuchukua zaidi ya milioni 2 na laki 9 kwa wakati mmoja. Tozo ya hela tuliyotengewa tusiichukue tulilipa bila kupunguziwa hata senti.

Mwaka huu wenzangu watatu wa kazi hii hii wamenipigia kuuliza wafanyeje, maana wakubwa wao wa nje wanataka kuwaongezea mkopo. Nimechoka kurudia kwenye simu, kwa hiyo naandika.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuangalia ukubwa wa limiti, yaani kiwango cha juu ambacho benki inakubali kukukopesha, bila kuangalia inazunguka mara ngapi. Chukua kalamu. Limiti ya dola milioni 2, kama hela inatoka benki, inanunua korosho, korosho inauzwa na hela inarudi benki ndani ya siku 30, basi kwa msimu wa siku 90 umenunua mzigo wa milioni 6. Limiti ya milioni 5 ambayo hela yake inarudi baada ya siku 90 imenunua mzigo wa milioni 5, basi. Limiti ndogo imeipita kubwa, na riba yake ni ndogo zaidi. Hesabu hii niliifanya Desemba, mgongoni mwa karatasi ya mizani, nimekaa kwenye gunia nje ya ghala nikisubiri makontena. Ilipaswa kufanyika Julai.

Sasa siku zenyewe zinaliwa wapi? Nilidhani ni bandarini. Na kweli bandarini zipo. Tangu msimu wa 2023/24 korosho ghafi za Kusini zinatakiwa kutoka nchini kupitia bandari ya Mtwara, jambo jema kwa mji wetu, ila mkigombania makontena matupu wote ndani ya wiki moja mtakaa. Sisi tulikaa siku 19 na mzigo uliokwisha kulipiwa. Halafu kuna ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, 15% ya thamani yake ikifika melini, ambao hauwezi kusubiri mteja alipe. Mwaka ule niliusahau kwenye hesabu ya limiti. Ukinunua mzigo wa dola milioni moja jiandae kwa laki moja na nusu nyingine kabla kontena halijaondoka.

Lakini nilipoandika tarehe zote kwenye karatasi moja, bandari ilikula siku 19 na mteja akala 60. Na mteja wetu ni nani? Kampuni mama yenyewe. Sisi tunanunua kwenye minada ya Newala, Tandahimba na Masasi, tunapakia, tunawauzia wao. Wao wanabangua, wanauza korosho iliyobanguliwa, wakishalipwa ndipo wanatulipa. Kwa hiyo mkono mmoja ulitudhamini benki na mkono mwingine ulikalia hela yetu. Riba ya siku hizo 60 ilikuwa inaandikwa kwenye vitabu vya Mtwara, na faida ya kuchelewa kulipa ikibaki India. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Kwao ni kampuni moja tu, hela inatoka mfuko huu inaingia ule. Ila mtu wa kodi akija kukuuliza kwa nini unakopa kwa riba ili mwenye kampuni akae na hela yako bure, utajibu wewe, hatajibu mkurugenzi wa ng'ambo.

Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa ni huu: kampuni mama ikikwambia inataka kukuongezea limiti, iombe kwanza ikulipe ndani ya siku 30 tangu tarehe ya hati ya meli. Iwe kwa maandishi, kwenye mkataba wa mauzo kati yenu. Wakikubali hilo, rudi kwenye hesabu yako uone kama bado unahitaji limiti mpya. Wakikataa, angalau umejua unaongezewa mkopo kwa faida ya nani.

Kama bado unaihitaji, tuzungumzie karatasi, maana hapa ndipo nilipoadhirika.

Azimio la bodi si dhamana. Kati ya azimio na siku ambayo limiti inaonekana kwenye kompyuta ya benki kuna safari ndefu. Mnada wa kwanza wa msimu ule ulikuwa Oktoba 11. Mimi nilikuwa na azimio tangu Agosti na nilikuwa nimetulia. Wiki mbili kabla ya mnada naenda benki, afisa mikopo ananiambia, kwa upole tu, "Dada, limiti ipo kwenye karatasi. Kwenye mfumo haipo." Kilichokwamisha ni neno moja. Benki yetu hapa ilitaka dhamana endelevu, isiyo na mwisho, kama ilivyo kwenye fomu zao za siku zote. Wenzetu wa India hawawezi kusaini kitu hicho. Kanuni zao za uwekezaji wa nje za mwaka 2022 zinakataa dhamana isiyotaja kiasi na muda, na kila dhamana inahesabiwa ndani ya kikomo cha 400% ya mtaji halisi wa kampuni mama. Mwanasheria wa benki alisema fomu haibadilishwi. Mwanasheria wa Mangaluru alisema sheria haibadilishwi. Mimi katikati, natuma barua pepe usiku.

Tulimaliza kwa kutaja kiasi, limiti pamoja na 10% ya riba na gharama, na tarehe ya mwisho, miezi 18 mbele, na kifungu kwamba itahuishwa kabla haijaisha. Mwanasheria wa benki angekubali hivyo tangu Agosti kama ningemwuliza. Sikumwuliza. Halafu tulipokubaliana ikawa mwisho wa Oktoba, nako India ni Diwali. Aliyetakiwa kusaini amekwenda kwao, ofisi imefungwa. Huku karani wa chama kikuu cha ushirika, kinachouza korosho za wakulima mnadani, ananipigia: "Dada, wakulima wananiuliza mimi, hawakuulizi wewe." Tulikuwa tumeshinda mzigo mnadani kwa kutegemea hela ambayo haijaiva. Tukalipa kwa kukwangua limiti ya zamani, na minada mitatu iliyofuata tukaangalia tu bei kwenye skrini.

Kwa hiyo wapelekee wanasheria wa pande zote mbili rasimu ya dhamana kabla hata bodi haijakaa. Angalia kalenda ya sikukuu zao na za kwetu. Na usisahau kwamba rehani yoyote unayoweka kwenye mali ya kampuni hapa Tanzania inasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, ndani ya siku 42. Benki watakuwa na mwanasheria wao wa kushughulikia, ila muulize namba ya usajili, usiamini "tumeshapeleka".

Jambo la dola na shilingi limewapiga wengi mwaka ule, si mimi peke yangu. Limiti yetu ilikuwa ya dola, na mkulima analipwa kwa shilingi. Septemba dola ilikuwa kwenye 2,700, bajeti nikaipanga hapo: milioni 5 ni shilingi bilioni 13.5. Desemba shilingi ikapanda, dola ikashuka hadi kwenye 2,400. Milioni 5 zile zile zikawa bilioni 12. Kwa korosho ya 3,500 kwa kilo, hizo ni tani zaidi ya 400 zilizoyeyuka bila mtu kuzigusa. Watu walishangilia shilingi kupata nguvu, na walikuwa na haki, lakini mimi nilikuwa nahesabu magunia. Na msimu ule bei mnadani zilianza juu, zikavuka 4,000, kwa hiyo tulibanwa pande mbili. Siku hizi naomba limiti iandikwe kwa dola lakini sehemu yake, sisi tulichukua theluthi, iwe ya shilingi. Riba ya shilingi ni kubwa zaidi, ndiyo, lakini bei ya mnadani ni shilingi na chama kikuu hakijui dola yako.

Hapo hapo soma barua ya ofa mstari kwa mstari. Yetu ya zamani ilikuwa bado inataja LIBOR, kile kiwango cha riba cha London ambacho benki zilikitumia kama msingi wa riba zao, ambacho kwa dola kilikoma Juni 2023. Benki walikuwa wanatoza SOFR, kiwango kilichochukua nafasi yake, na nyongeza yao kimya kimya bila kubadilisha maandishi. Hatukuibiwa, nilikokotoa nikaona, lakini kitu cha kukokotoa baada ya kulipa kinauma.

Kuna wanaosema afadhali kampuni mama ikukopeshe yenyewe moja kwa moja, benki ya nini. Inawezekana, ila mkopo wa nje unaozidi mwaka unaandikishwa Benki Kuu kupitia benki yako ya biashara, riba unayoilipa nje inakatwa kodi ya zuio ya 10%, na kampuni inayomilikiwa na wageni kwa 25% au zaidi haikubaliwi kutoa riba yote kwenye hesabu za kodi kama madeni yamevuka uwiano wa 7 kwa 3 na mtaji. Hata dhamana yenyewe isiwe ya bure. Kubaliana ada, iandikwe, maana mamlaka za kodi za pande zote mbili zitauliza. Hili nawaachia washauri wa kodi, wana maneno mengi kuliko mimi.

Tozo ya kutotumia limiti nayo ijadili mapema. Novemba 2018, nikiwa msaidizi tu wa hesabu kwenye kampuni nyingine, serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaingia kubeba. Wanunuzi wote tulibaki na mikopo iliyoidhinishwa na hakuna cha kununua. Bosi wangu wa wakati huo alilipa tozo ya limiti miezi yote ile. Tangu hapo nikipata barua ya ofa natafuta kwanza kifungu kinachosema tozo inasimama kama biashara imezuiwa na mamlaka. Mara nyingi hakipo. Mara nyingi ukikiomba, wanakiweka.

Msimu uliofuata Mangaluru waliandika tena: wangependa kutupandishia hadi milioni 7, benki iko tayari. Nilijibu kwa jedwali la ukurasa mmoja, tarehe za kila mzigo tuliouza kwao na tarehe walizolipa. Nikaomba milioni 3, na malipo siku 30. Kimya wiki nzima. Halafu simu ikaja, si ya mkurugenzi, ya mhasibu mwenzangu wa huko, mama mmoja mtu mzima ambaye hatujawahi kuonana. Aliniuliza lile jedwali nimelitengeneza kwa programu gani, akacheka, akasema wamekubali siku 35.