Ukiulizwa "imeandikwa wapi?", usikimbilie mstari

Katekista mmoja wa Buhongwa ameniandikia akiomba mistari. Jumuiya yake ina jirani Msabato, mtu mpole na msomaji, ambaye wakikutana haachi kuuliza: Jumapili imeandikwa wapi? Toharani, yaani kutakaswa baada ya kifo, je? Na kubatiza watoto wachanga? Katekista anataka orodha aibandike nyuma ya Biblia yake, kila swali na mstari wake.

Ndugu yangu, orodha sikupi. Ukianza kujibizana mstari kwa mstari, umeshakubali kimya kimya kwamba lisiloandikwa waziwazi halikutoka kwa Mungu. Kanuni hiyo yenyewe haimo katika Biblia, nawe unaibeba mgongoni kama mzigo wa dagaa wa mtu mwingine. Anzia hapo.

Jirani atakutolea 2 Timotheo 3:16, kwamba kila andiko lenye pumzi ya Mungu lafaa kwa mafundisho. Mwombe arudi nyuma mistari miwili, asome kuanzia wa 14. Paulo anamwambia Timotheo akae katika yale aliyofundishwa, akiwakumbuka waliomfundisha. Kisha anataja maandiko ambayo Timotheo ameyajua tangu utoto, na Timotheo alipokuwa mtoto hapakuwa na Injili hata moja iliyoandikwa. Hayo ni maandiko ya Agano la Kale. Kama mstari ule ungekuwa na maana ya "haya peke yake yatosha", basi Agano Jipya lote lingekuwa ziada. Usiseme zaidi ya hapo. Yaliyoandikwa yanafaa kweli, na Mkatoliki anayedharau mstari huo anajidhuru mwenyewe.

Baada ya hapo fundisha sehemu tatu tu, kwa mpangilio huu. Ya kwanza ni 1 Wakorintho 11:23, na ndiyo ya kukaa nayo muda mrefu. Paulo anaandika mnamo mwaka 55, wakati ambapo, kwa maoni ya wataalamu wengi, hata Injili ya Marko bado. Anasema alipokea habari za Karamu ya Bwana na alikwisha kuwakabidhi Wakorintho. Kwa hiyo walikuwa wakiumega mkate kabla barua haijafika, na barua ikaja kurekebisha tu walivyoumega. Ya pili ni 2 Wathesalonike 2:15, shikeni mliyofundishwa kwa maneno au kwa waraka. Ya tatu ni 2 Timotheo 2:2, na hapo wahesabie watu kwa vidole: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa na hao. Vizazi vinne katika sentensi moja. Dakika 40 zinatosha. Ukiongeza mistari kumi, watu wataandika namba na kusahau hoja.

Sasa makosa, maana hapa ndipo jumuiya nyingi zinaharibu.

La kwanza ni kusema wao wana Biblia, sisi tuna Mapokeo, yaani mafundisho ya mitume yanayopokezanwa katika Kanisa. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965, namba 9, unasema viwili hivyo vinatoka katika chemchemi moja ya kimungu na vinaelekea mwisho mmoja. Namba 10 inaongeza kwamba mamlaka fundishi ya Kanisa haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia. Wala usifundishe kwamba nusu ya imani imo kwenye kitabu na nusu nyingine nje. Katika Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, rasimu ilisema ukweli umo kwa sehemu katika vitabu na kwa sehemu katika mapokeo. Maneno hayo yakaondolewa, ikabaki "na". Nasikitika kuona vijitabu vya mafundisho bado vinaandika ile rasimu.

La pili ni kujisifu kwamba Kanisa ndilo lililotengeneza Biblia. Hoja ya orodha ya vitabu ni nzuri, kwa kuwa hakuna mstari unaotaja vitabu 27 vya Agano Jipya, lakini itumie kwa uangalifu. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, 1870, ulifundisha kwamba vitabu hivyo ni vitakatifu kwa sababu viliandikwa kwa uvuvio wa Roho Mtakatifu na Mungu ndiye mtunzi wake. Kanisa lilivitambua na kuvitangaza. Ukimtaja Mtakatifu Atanasi, askofu wa Aleksandria, na barua yake ya mwaka 367, ishia kwenye vile 27, maana orodha yake ya Agano la Kale haifanani na yetu. Kwa vitabu vyote 73 taja mikutano ya maaskofu ya Hippo mwaka 393 na Kartago mwaka 397. Jirani msomaji ataangalia, na ukikosea hapo hatakuamini tena.

La tatu ni kutetea kila kitu. Akikuletea Marko 7, msome naye hadi mstari wa 13. Yesu anashutumu desturi ya korbani, yaani kuitangaza mali kuwa wakfu kwa Mungu, iliyowanyima wazazi haki yao, yaani desturi iliyotangua amri. Nasi tunazo desturi: sare za WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), mpangilio wa matoleo, hata kufunga kabla ya komunyo. Zamani watu walifunga tangu usiku wa manane, mwaka 1957 ukawa muda wa saa 3, mwaka 1964 muda wa saa 1. Kinachoweza kubadilishwa hivyo ni nidhamu, hakikutoka kwa mitume kama amana ya imani. Katekisimu, namba 83, inatenganisha mambo haya, nawe uisome mwenyewe kabla ya kikao. Mapadre wa Kilatini kutooa nako ni nidhamu. Makanisa Katoliki ya Mashariki yana mapadre wenye wake. Anayekufa akitetea sare hana nguvu iliyobaki ya kutetea Ekaristi.

Kuhusu Jumapili, tusikubali maneno kwamba Konstantino aliianzisha, wala tusijigambe kwamba Papa alihamisha Sabato. Sheria ya Konstantino ya mapumziko ni ya mwaka 321. Mtakatifu Yustino, mwandishi Mkristo wa karne ya pili, akiandika Roma mnamo mwaka 155, tayari anaeleza kusanyiko la Jumapili: masomo, mahubiri, mkate na divai, na sadaka kwa wahitaji. Soma kwanza Matendo 20:7 na 1 Wakorintho 16:2, kisha Yustino. Jirani ataona jinsi Maandiko yanavyogusia jambo na maisha ya Kanisa yanavyolieleza.

Hata kwetu imani ilikuja hivyo. Wamisionari wa Afrika walifika Kageye, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1878, na misheni ya Bukumbi ikaanza mwaka 1883. Lavigerie, mwanzilishi wao aliyewatuma, alidai ukatekumeni, yaani maandalizi ya ubatizo, wa miaka 4. Watu walikaa na walimu kwanza.

Toharani iache mwisho kabisa. Utahitaji 2 Wamakabayo 12:43-46, na kitabu hicho hakimo katika Biblia ya vitabu 66 aliyoishika. Kama hamjamaliza somo la orodha ya vitabu, ahirisha hadi kikao kijacho.