Kuhusu yule fundi wako asiye na NIDA

Mwanangu,

Nimeiona meseji yako nikasema hii nakuandikia, maana kwenye simu utanikatiza. Unasema fundi wa friji kawapita wote kwenye intavyuu ila kitambulisho cha taifa cha NIDA hana, anasema kinashughulikiwa, wenzako wameshamwita Mrundi kwa sababu ya lafudhi, na bosi anataka umchukue tu kimya kimya. Unauliza ufanyeje.

Kwanza lafudhi tupa huko. Mama yako ni Muha wa Kasulu, nikiongea na mama yako mdogo kwenye daladala watu wanageuka, Kiha na Kirundi si wanasikilizana hawa. Halafu mwaka 2014 serikali ilitoa uraia kwa Warundi zaidi ya 160,000, wale waliokimbia 1972 pamoja na watoto wao, wa makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo na Ulyankulu huko, kwahiyo mtu anaweza kuwa na jina la Kirundi na cheti cha uraia wa Tanzania kwenye bahasha.

Wewe dai karatasi, na udai zilezile kwa wote mliowaita, sio yeye peke yake. Kadi isikusumbue, wengi wana namba tu. Namba ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, linganisha na cheti chake cha kuzaliwa. Chukua kopi, orijino mrudishie hapohapo, usije ukazifungia droo. Kama namba haijatoka mpe tarehe kwa maandishi na asianze kazi kabla.

Akikwambia mwenyewe sio raia hapo ni habari nyingine, kuna kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi cha Uhamiaji, na wa kuomba cha kazi ni nyie waajiri, tena muonyeshe mmemtafuta Mtanzania mkamkosa. Fundi wa friji, Dar hii? Mtasumbuka. Na akija na kibali alichoombewa na kampuni nyingine hakiwasaidii, kile ni cha kazi ile kwa mwajiri yule. Kama ni mkimbizi kuna kibali cha kazi cha daraja E, kaulizeni kabla hamjamkatalia.

Hiyo ya kimya kimya kataa. Nilikaa utumishi miaka mingi naijua inavyoendaga, mtu analipwa nusu, siku akidai ovataimu anatishiwa Uhamiaji, na sheria ya ajira za wageni ya 2015 inamshika na mwajiri vilevile, halafu jalada lina saini ya nani? Yako. Mwambie bosi akitaka hivyo akuandikie yeye kwa barua pepe, utaona kama ataandika.

Na ikishindikana mwambie kijana ukweli kwamba ni vibali, sio ufundi wake. Uhamiaji usimpigie wewe kwa sababu ya maneno ya ofisini. Namba yake itunze, akipata karatasi mwite.

Mama