Msiisugue Hela ya Tabora

Jumamosi pale Kiborloni, mdogo wangu mmoja wa kazi hii ya kununua na kuuza sarafu za kale alinifungulia leso. Ndani mlikuwa na rupia ya Mjerumani ya 1890, Kaizari na kofia yake ya tai, inameremeta kama sufuria mpya. Kaisugua kwa majivu na ndimu. Nimempenda kijana huyu tangu aanze, na siku hiyo nilishindwa kumtazama usoni. Basi wadogo zangu, nisikilizeni.

1. Msisugue. Mwaka wangu wa pili, bibi mmoja wa Marangu alinikabidhi hela ishirini ya 1916, sarafu moja ya Mjerumani, ile yenye herufi T, ya shaba nyekundu. Ilichapwa Tabora kwenye karakana ya reli wakati wa vita, ndiyo maana chapa yake imefifia hapa na kukolea pale. Ilikuwa na rangi ya buni iliyokaangwa. Mteja wa Arusha aliiona kwa picha akataja laki moja na nusu, nami na bibi tukakubaliana nusu kwa nusu. Usiku nikaona niipendezeshe: dawa ya meno, kisha stilwaya. Kulipokucha ilikuwa nyekundu kama kidonda kibichi, nami nikapanda basi kwa furaha. Mzee yule wa Arusha aliiweka chini ya lenzi, akaigeuza mara mbili, akairudisha mezani taratibu. “Umeiosha, mwanangu?” Alinipa elfu ishirini, na najua alinihurumia. Ile rangi ya miaka mingi ndiyo iliyokuwa ushahidi kwamba hakuna aliyeichezea, na stilwaya iliacha mikwaruzo ambayo haifutiki. Kurudi Marangu kulinichosha kuliko safari yoyote. Nilimlipa bibi elfu sabini na tano yake kwa mafungu matatu. Fungu la mwisho alilipokea, akasema, “Baba yangu aliitunza hivyo hivyo ilivyokuwa.” Sijaisahau sauti ile.

2. Kasoro ya kiwandani ni mali, jeraha la mtaani ni hasara. Senti kumi ya Afrika Mashariki iliyotoka bila tundu, au tundu limekwenda pembeni, nipigie hata usiku. Tundu la msumari lina ukingo ulioinuka upande mmoja. Hilo mtu alitaka kidani. Juzi nimeletewa senti hamsini ya sungura iliyobondwa na lori, naambiwa ni “toleo la ajabu”. Jiulize kwanza: madini yamesukumwa yakaenda wapi?

3. Pima. Rupia moja ya fedha ina gramu 11.66, na haishikwi na sumaku.

4. Senti kumi ya Afrika Mashariki ya 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza. Vijana wanne mwezi huu wameniamsha kwa hiyo! Ni kweli mfalme hakumaliza mwaka, na nampenda mtu anayesoma maandishi badala ya kuhesabu matundu, lakini zilichapwa nyingi mno. Nunueni kwa bei ndogo, uzeni kwa bei ndogo. Kwenye hela ishirini za Tabora, hapo ndipo mkodoe macho: taji kubwa au dogo, ncha za herufi L kwenye neno HELLER zimechongoka au zimejikunja.

5. Shikeni ukingoni. Hifadhini kwenye bahasha ya karatasi.

Kijana wa Kiborloni kanipigia jana usiku. Anauliza kama akiifukia ile rupia kwenye mgomba wa mama yake, weusi utarudi. Hautarudi, mdogo wangu. Ifukue leo, mvua haijanyesha.