Leza kwenye ngozi nyeusi: nywele za kidevuni

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Dar es Salaam. Tangu nikiwa na miaka 22 naota nywele ngumu kidevuni. Nazing'oa kwa kibanio kila baada ya siku mbili, na sasa kidevu kimejaa madoa meusi ambayo napambana nayo kwa mkorogo. Saluni moja imeniambia leza itazimaliza kwa mara tatu, nisahau kabisa. Rafiki yangu anasema leza ni ya Wazungu, inaunguza ngozi nyeusi. Mama anasema ile mionzi inaleta saratani na kuharibu kizazi. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na rafiki yako, maana kati ya hao watatu yeye ndiye aliyeukaribia ukweli.

Leza ni mwanga. Ukipigwa kwenye ngozi, unanyonywa na melanini, ile rangi nyeusi iliyomo ndani ya unywele, unageuka kuwa joto, na joto hilo linaunguza mzizi. Kanuni hii iliandikwa na Anderson na Parrish, watafiti wa Boston, mwaka 1983. Shida ni kwamba melanini hiyohiyo imejaa kwenye ngozi zetu. Simama juani saa saba mchana umevaa buibui jeusi, kando yako kaka yako na kanzu nyeupe: jua ni moja, lakini wewe ndiye utakayelisikia.

Miongoni mwa leza za kwanza za nywele, katika miaka ya 1990, zilikuwa za rubi, zenye wimbi la nanomita 694 (namba hiyo ni urefu wa wimbi la mwanga). Mwanga huo ukikuta ngozi nyeusi unaishia juujuu na kuiunguza. Kwa mashine zile, rafiki yako angekuwa sahihi kabisa. Baadaye ikaenea leza iitwayo Nd:YAG, yenye wimbi la nanomita 1064. Melanini inaunyonya mwanga huu kidogo tu, kwa hiyo sehemu kubwa inapita ngozi ya juu na kuzama hadi kwenye mzizi. Hii ndiyo inayofaa ngozi kama yako. Kuna nyingine ya nanomita 755, nayo ni nzuri kwa ngozi nyeupe. Kwako wewe, hapana. Kwa hiyo ukifika mahali, uliza namba ya wimbi la mashine. Anayekujibu "zote ni sawa tu" usimpe kidevu chako.

Niliwahi kumpokea dada mwenye alama za mstatili shavuni, zimepangana kama vigae, kila moja kipimo cha kichwa cha mashine, pembeni nyeusi na katikati imepauka. Alipigwa kwa mashine ya mwanga wa kumulika, IPL, ambayo si leza kabisa ingawa huuzwa kwa jina hilo. Mwanga wake ni mchanganyiko wa mawimbi mengi, na yale mafupi ndiyo yaliyomuunguza. Hakufanyiwa hata jaribio la sehemu ndogo. Jaribio hilo ni mapigo machache chini ya taya, kisha mnasubiri siku kadhaa kuona ngozi inasemaje. Usikubali kuanza bila hilo.

Sasa saluni. Mara tatu hazitoshi. Leza huharibu mzizi wa unywele ulio kwenye hatua ya kukua, na wakati wowote ule nyingine zimelala. Ndiyo maana tunarudia mara sita hadi nane au zaidi, kwa uso kila baada ya wiki nne hadi sita. Na neno "kabisa" walifute: FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, huzitambua leza hizi kwa kupunguza nywele kwa kudumu, si kuzimaliza zote. Nywele nyeupe hazisikii leza, kwa kuwa hazina melanini. Malaika laini za shavuni nazo ziacheni. Zikipigwa zinaweza kugeuka nene, na hilo hutokea zaidi usoni na shingoni, hasa kwa wanawake wenye tatizo la homoni.

Mama mwambie kwa upole kwamba mwanga huu si kama eksirei. Hauvunji vinasaba, na unaishia milimita chache ndani ya ngozi, kizazi hakiufikii. Ukiwa mjamzito tunasubiri, kwa sababu utafiti wa kutosha haujafanyika. Cha kuogopa ni macho, yanaweza kupofuka, kwa hiyo miwani maalumu ni lazima, na nyusi haziguswi. Tahadhari pia na krimu ya ganzi: mwaka 2007 FDA ilitoa onyo baada ya wanawake wawili vijana kufa. Walijipaka krimu kali miguuni na kuifunika kwa plastiki kabla ya leza. Kidevu hakihitaji mambo hayo.

Lakini kilichonishika zaidi kwenye barua yako ni mambo mawili uliyoyapita haraka. Nywele ngumu kidevuni tangu miaka 22 mara nyingi ni homoni, hasa PCOS, ovari kuwa na vifuko vidogo vingi. Hedhi zako zinakuja kwa wakati? Chunusi je? Tukipiga leza bila kutibu homoni, nywele mpya zitaendelea kuota na fedha zako zitaishia hapo. Na sauti ikianza kuwa nzito, au nywele zikaongezeka ghafla, usingoje, nenda hospitali wiki hiyohiyo.

La pili ni mkorogo. Mingi ina steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe wa ngozi. Steroidi hukondesha ngozi, na zenyewe zinaweza kuotesha nywele usoni. Huenda unachokipaka kufuta madoa kinachangia nywele unazozing'oa. Ngozi iliyokonda kwa mkorogo siipigi leza.

Kwa hiyo weka kibanio chini. Kung'oa kunaondoa mzizi ambao leza inautafuta, na ndiko kunakokuachia madoa. Kwa sasa nyoa. Wembe hauongezi unene wa nywele, unazikata butu tu ndiyo maana zinachoma ukizigusa. Andika tarehe zako za hedhi za miezi mitatu iliyopita, nenda kwa daktari wa ngozi au wa wanawake, upimwe homoni. Mkorogo usiukatishe ghafla kama umeupaka muda mrefu, uso unaweza kuwaka. Daktari atakupangia namna ya kuuacha. Kopo lake usilitupe. Nenda nalo.