Salmoni kula soya: inawezekanaje, na kambare wako je?

Mdau kauliza: salmoni ni mla nyama, Wanorwe wanamlishaje soya? Na je, naye aache dagaa, kambare wake awape mashudu matupu? Mimi niko kwenye vizimba vya salmoni huku Norway, ngoja nichangie.

Kweli wanalishwa mimea, tena kwa wingi. Mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula chao ilikuwa unga na mafuta ya samaki. Kufikia 2020 imebaki kama asilimia 22. Usidhani ni huruma kwa bahari! Ufugaji umekua, anchoveta wa Peru (samaki wadogo wanaosagwa kuwa unga huo) ni walewale, na mwaka 2023 Peru ilifuta msimu wa kwanza wa uvuvi kwenye eneo lake kuu. Bei ya unga ikapaa.

Samaki anachotaka ni asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, hajali zimetoka wapi. Soya ina methionini, mojawapo ya asidi hizo, kidogo, kiwandani wanaongeza, yameisha. Ugomvi uko tumboni. Mashudu ya soya ya kawaida yana saponini, kemikali ya asili ya mmea, na salmoni akiyala utumbo wa nyuma unavimba. Daktari wa samaki alitupitisha kwenye hadubini: mikunjo ya utumbo wa samaki mwenye afya ni mirefu na myembamba kama vidole, ya aliyekula mashudu imefupika, imenenepa, mingine imegandana. Samaki wa hivyo anakula, ila hakui inavyotakiwa.

Ndiyo maana huku wanatumia protini ya soya iliyokolezwa, nyingi inatoka Brazil. Imeoshwa kwa alkoholi, saponini zimeondoka, protini imepita asilimia 60. Hiyo huipati kwa kusaga mashineni mtaani.

Kwangu mimi suala la protini limeshapatiwa dawa. Mafuta ndiyo bado. Mafuta ya mbegu za rapa, yanayowekwa badala ya mafuta ya samaki, hayana EPA wala DHA, yaani omega-3 za samaki, na salmoni wa Uskochi waliopimwa kati ya 2006 na 2015 walionekana kupungukiwa omega-3 hizo karibu nusu. Samaki ananenepa vizuri tu, anayepunjwa ni mlaji. Mafuta ya mwani yanasaidia, ila bei yake acha kabisa.

Kambare anavumilia mimea kuliko salmoni, lakini soya mbichi usimpe kamwe, lazima ipite kwenye moto kwanza. Dagaa wapunguze taratibu, usiwafute, huku ukiangalia kambare wanavyokimbilia chakula. Kambare wako wana gramu ngapi sasa, na unanunua mashudu au soya nzima? Ukisema hapo nitakupa mchanganyiko.