Kijicho hakina msimu, mama wa Langoni

Somo yangu, salamu sana. Binti yangu yuko Leicester, Uingereza, mwaka wa nne sasa. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya saa mbili mpaka saa mbili. Kila ikiingia Novemba hugeuka mtu mwingine. Simu hapokei, siku ya mapumziko hulala kutwa, hula mikate na vitu vitamu mpaka mwili unamjaa, na hulia bila sababu. Ikifika Aprili hurudi mwenyewe, anacheka. Nimemwambia ajikaze na amshukuru Mungu kwa kazi aliyopata. Tangu hapo ndiyo kabisa hapigi simu. Wifi yangu anasema ni kijicho, na yuko mtu anayejua kutazama, anataka shilingi 15,000. Nimpe? Au nimwambie mtoto arudi nyumbani?
Mama wa Langoni, Lamu

Mama wa Langoni, hizo 15,000 zifunge kwenye pindo la leso. Tutazitumia, lakini si huko.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalenda mkononi. Hebu niambie, ni jini gani anayepanda Novemba akashuka Aprili, mwaka baada ya mwaka, bila kukosea tarehe? Na kijicho nacho, tangu lini kikawa na msimu? Mwenye husuda hapumziki wakati wa joto. Chenye msimu hapa ni jua.

Sisi wa Lamu jua hatulifikirii kwa sababu halijawahi kutukosa. Tuko karibu nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta. Juni kama Desemba, linachomoza kwenye saa kumi na mbili na kutua kwenye saa kumi na mbili. Huko aliko mwanao, mwishoni mwa Desemba linatoka saa mbili asubuhi imeshapita, na kabla ya saa kumi jioni limezama. Fikiria: Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaingia ndani ya saa nne! Mtu anayeingia kazini saa mbili na kutoka saa mbili anakwenda gizani na kurudi gizani. Mwanga anaoupata ni wa dirishani, tena wa mawingu.

Hali hiyo madaktari wanaijua. Ni unyogovu unaofuata majira. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliueleza na kuupa jina, na yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Johannesburg, aliyehamia Marekani akaanza kuona nguvu zinamwishia kila baridi ikiingia. Mtu wa jua, kama binti yako. Mwanga wa asubuhi ukiingia jichoni ndio unaouambia mwili kwamba kumekucha. Ukikosekana, kwa baadhi ya watu usingizi huzidi, mwili hutaka vyakula vya wanga na sukari, uzito hupanda, moyo huwa mzito. Rudia barua yako uone. Kulala kwake si uvivu, na ile mikate si uroho.

Sasa, hilo neno "jikaze". Nitakulaumu kidogo, na unistahimilie, kwa kuwa nami nililisema. Marehemu mume wangu alikuwa nahodha. Kusi ikivuma, bahari imechafuka na jahazi limepandishwa pwani, alikuwa akikaa barazani kutwa, kahawa inampoa mkononi. Yake haikuwa ya jua, ilikuwa ya mikono mitupu. Nilimwambia ajikaze, wanaume wenzake wote wanangoja kaskazi kama yeye. Alichojifunza kwangu mwaka ule ni kunificha. Miaka ya mbele alikuwa akiniona naja, anaanza kucheka. Kicheko hicho mpaka leo sijakisahau.

Kwa hiyo kwanza mtumie sauti fupi: "Mwanangu, nilikosea, nimeelewa kwamba unaumwa." Usiongeze nasaha.

Kisha mwombe aende kwa daktari wa mtaa wake. Huko mkazi hujiandikisha kwa daktari wa mtaa na kumwona hakulipiwi. Amtajie miezi hiyo, inapoanza na inapoisha. Yako mazungumzo na mshauri, ziko dawa, na daktari atamwongoza kinachomfaa. Ipo pia taa maalumu, na hapa ndipo ufungue pindo la leso umchangie. Iwe ya lux 10,000, hicho ni kipimo cha ukali wa mwanga, aiweke mbele ya uso akishaamka, karibu nusu saa, macho wazi lakini bila kuikodolea. Iwe asubuhi, akiiwasha usiku itamnyima usingizi. Kama ana maradhi ya macho, au huwa na vipindi vya furaha iliyopita kiasi, amuulize daktari kwanza.

Mchana, wakati wa mapumziko, atoke nje hata kama kuna mawingu. Na vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, serikali ya huko inawashauri watu watumie wakati wa baridi, na wenye ngozi nyeusi na wanaojisitiri mwili wafikirie kuitumia mwaka mzima. Hiyo ni ya mifupa na misuli, asidhani inachukua nafasi ya taa.

Kuna jambo moja utalisikia chungu, lakini muulize waziwazi: je, huwa anawaza kwamba afadhali asingekuwepo? Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, na yuko hatarini, apige 999, namba ya dharura ya huko, papo hapo. Akitaka mtu wa kumsikiliza tu, Samaritans wa huko wanapokea simu usiku na mchana, bila malipo, kwenye 116 123.

Kurudi nyumbani? Asiamue habari ya kazi yake katikati ya giza. Akiwa na likizo, ailete Januari badala ya Agosti. Atachangamka akiwa huku, ila msidanganyike, akirudi baridini huzuni inaweza kumrudia. Dua mwombee, na kisomo endelea nacho. Fundi wa wifi yako ndiye nisiyemtaka. Na zile video za harusi unazomrundikia Desemba, vigelegele na vidole vya hina, zipunguze. Kwake ni kama kuoneshwa biriani ukiwa nje ya dirisha.

La mwisho ni saa ya simu. Nadhani humpigia baada ya Isha. Saa mbili usiku yako ni saa kumi na moja jioni yake: giza limeshaingia, na bado ana saa tatu za zamu. Piga saa tatu asubuhi. Kwake itakuwa saa kumi na mbili, anaamka kwa ajili ya Alfajiri. Akishasali, awashe taa yake, nawe uwe na chai na mahamri yako. Ugonjwa msiutaje. Mwambie samaki wamefika bei gani, na punda wa jirani amelala tena katikati ya kichochoro watu wanamzunguka. Nusu saa ikitimia, azime taa aende kazini.